Shilingi Mia ya Buguruni Sheli

Kituo cha daladala cha Buguruni Sheli kilipata jina lake kwa kituo cha mafuta. Mtoto aliyezaliwa Malapa au Mnyamani hajui kwamba sheli lilitokana na jina la kampuni. Kwake ni neno la Kiswahili kama mengine, maana yake mahali pa kujazia mafuta. Asubuhi, pale Barabara ya Uhuru inapokutana na ya Mandela, malori ya bandarini yanasubiri kwenye foleni na bodaboda wanachomoka mmoja mmoja kwenda kujaza lita moja, wengine mbili. Katika kila lita ya petroli au dizeli inayotiwa pale, shilingi 100 si ya mwenye sheli wala ya mwenye meli. Ni ya kijijini. Inakwenda kwenye Mfuko wa Nishati Vijijini, ulioanzishwa kwa Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005 pamoja na Wakala ambao wote tunaujua kwa jina la REA. Tozo hiyo ilikuwa shilingi 50 mpaka bajeti ya 2015/16 ilipoipandisha. Bodaboda anayetumia lita mbili kwa siku, akiingia barabarani siku 300 kwa mwaka, amechangia shilingi 60,000 bila kuandika jina lake popote.

Mafuta ya taa yana hesabu yake, na ndiyo inayoniuma. Tozo yake iliwekwa shilingi 150 kwa lita. Sababu inaeleweka: kuwabana wachakachuaji waliokuwa wakiyachanganya na dizeli. Lakini anayenunua mafuta ya taa hadi leo ni nani, kama si yule mwenye kibatari? Yaani mtu ambaye umeme haujamfikia ndiye anayeuchangia kwa kiwango cha juu kuliko mwenye gari.

Na sisi wapangaji tunachangia kwa mlango mwingine. Nyumba ninayoishi ina vyumba tisa na mita moja. Kila tunapochanga hela ya umeme, risiti ya LUKU inaonyesha makato matatu: VAT asilimia 18, EWURA asilimia 1, REA asilimia 3. Ukinunua wa shilingi 10,000, siku ambayo hukukatwa kodi ya jengo, unapata yuniti 28 hivi, na shilingi kama 246 zimekwenda REA. Mwenye nyumba yake peke yake anayetumia chini ya yuniti 75 kwa mwezi hupata zaidi ya mara mbili ya yuniti zetu kwa fedha ileile, kwa kuwa yumo kwenye kundi la watumiaji wadogo. Sisi tisa, kwa kuwa tumerundikana kwenye mita moja, tunahesabiwa wakubwa. Hilo ni jambo la makala nyingine, ila nimelitaja ili ieleweke kwamba fedha za umeme wa kijijini hazitoki kwa matajiri tu.

Silalamikii tozo. Karibu kila mpangaji wa Buguruni ana kwao, na kwao huko ana mama, shangazi, babu. Tozo hii ni mchango wa ukoo uliopanuliwa ukawa wa taifa, na imefanya kazi kubwa. Nchi yetu ina vijiji 12,318, na nguzo za REA zimefika karibu kila kimoja. Mtu aliyekulia kijijini miaka ya tisini, akisoma kwa koroboi mpaka pua inajaa masizi, anajua ukubwa wa jambo hilo. Ninachodai ni kingine. Fedha hizi zina sehemu inayotolewa kama ruzuku kwa wanaotaka kuzalisha umeme wenyewe kwa jua, kwa maporomoko ya maji, kwa upepo au kwa mabaki ya mazao. Nadai kwamba aliyechanga awe na uwezo wa kuomba, kwa lugha anayochangia, kutoka mahali anapoishi. Leo hawezi.

Nalijua hili kwa sababu nilijaribu.

Mjomba wangu ni mvuvi wa kamba kwenye delta ya Rufiji, katika kitongoji ambacho unakifikia kwa boti, na kwa saa za maji kujaa tu. Mto uleule, huko juu, unazungusha mitambo tisa ya Bwawa la Julius Nyerere yenye jumla ya megawati 2,115. Ukishuka huku mwisho, unapoingia baharini katikati ya mikoko, nyumba ya mjomba inamulikwa kwa tochi na sola moja ndogo ya kuchajia simu. Kusimika nguzo ndani ya matope ya mikoko ili kufuata kaya zisizotimia hamsini ni gharama ambayo sitashangaa ikichukua miaka mingi. Vitongoji nchini ni zaidi ya 64,000, na kijiji kuhesabiwa kina umeme hakumaanishi vitongoji vyake vyote vimeupata. Watu wa kitongoji cha mjomba wenyewe wanasema wamerukwa.

Shida ya mjomba, hata hivyo, haikuwa taa. Ilikuwa barafu. Kamba wakivuliwa usiku, barafu inatoka nchi kavu kwa boti, nusu yake imeshayeyuka. Ikichelewa, mnunuzi anapanga bei anavyotaka kwa sababu anajua mali inaoza. Kikundi chao, wanaume na wanawake kumi na wanne, walisikia kwamba kuna ruzuku za nishati jadidifu. Akanipigia simu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Huko mjini unaijua hii habari ya ruzuku ya umeme jua? Sisi tunataka mashine ya barafu tu. Paneli tutazifunga juu ya banda la kikundi. Andika hilo andiko, wewe ndiye uliyesoma."

Andiko. Neno hilo limeenea nchi nzima sasa; hata mtu asiyejua kusoma analijua. Nikaenda steshenari, mitaa miwili kutoka sokoni, nikamwomba dada wa pale anitolee nakala ya masharti ya dirisha moja la ruzuku ambalo sitalitaja. Yalitoka makaratasi ambayo ilibidi ayabane kwa bana mbili. Yote kwa Kiingereza. Niliyasoma usiku kucha kwa kamusi. Walitaka usajili wa kampuni BRELA, namba ya mlipakodi, na hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu. Walitaka uthibitisho wa mchango wa mwombaji ukiwa benki, upembuzi yakinifu uliosainiwa na mhandisi aliyesajiliwa, cheti cha mazingira, na makadirio ya mapato na matumizi kwa miaka ishirini. Na ruzuku yenyewe ingelipwa baada ya mtambo kufanya kazi na kukaguliwa.

Nilimpigia mjomba, nikaanza na hesabu zilizokaguliwa. Akasema hesabu za kikundi anazo kwenye daftari: nani alileta kilo ngapi, nani alikopa, nani alilipa. Nikamuuliza kama zimekaguliwa. Akajibu kwamba zinasomwa mbele ya wote kila Ijumaa baada ya swala, na mtu akikataa jambo linasemwa hapohapo. Sikujua nimjibu nini. Kwa maana ya neno lenyewe, hesabu zile zimekaguliwa kuliko za makampuni mengi. Kwa maana ya fomu, hazipo.

Andiko halikwenda.

Wako watakaosema hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Umeme si banda la kuku. Fedha ya umma ikitolewa ovyo, kesho utaona paneli zimeezekwa juu ya nyumba ya mwenyekiti. Hoja hiyo naiheshimu. Na kanuni ya kulipa baada ya kazi haikutoka hewani. Ukimpa mjenzi fedha zote mapema, akatoroka, wewe umebaki na mashimo. Chini ya mradi wa TEDAP, uliogharimiwa na Benki ya Dunia kuanzia mwaka 2008, na ambao sehemu yake ya vijijini ilitekelezwa na REA, msanidi alilipwa dola 500 kwa kila mteja mpya aliyemuunganisha. Kulikuwa pia na fedha za kusaidia upembuzi yakinifu, hadi asilimia 80 ya gharama zake. Mpango huo ulikuwa na akili. Haukulipa maneno, ulilipa mita inayozunguka. Mwenga kule Mufindi, mtambo wa maji wa megawati 4 ulioanza mwaka 2012, ulipata ruzuku za namna hiyo, na umeme wake umekwenda kwenye kiwanda cha chai na pia kwenye nyumba za wanavijiji.

Lakini tazama ni nani anayeweza kusubiri kulipwa. Ni mwenye mtaji wake, au mwenye benki inayomwamini, na benki huamini hati ya nyumba ya Masaki kuliko banda la wavuvi. Kanuni iliyotungwa kumbana mjenzi mkubwa asitoroke na fedha inamkuta mvuvi mlangoni na kumfungia nje, ingawa yeye hana pa kutorokea. Anaishi palepale mtambo ulipo.

Na si kweli kwamba wadogo hawawezi. Masista Wabenediktini wa Chipole, mkoani Ruvuma, walijenga mtambo wa maji wa Tulila wa megawati 5 na kuiuzia TANESCO umeme, wakati Songea ikiwa bado haijaunganishwa na gridi ya taifa na ikitegemea majenereta ya dizeli. Huko Matembwe, Njombe, kampuni ya kijiji imekuwa ikiendesha mtambo mdogo wa maji kwa miongo. Mawengi, wilayani Ludewa, watumiaji wenyewe wana chombo chao cha kusimamia umeme wa maji, kiitwacho Lumama. Mashirika ya Kitaliano yalishika mkono Matembwe na Ludewa, na hilo ndilo jambo la kutazama. Palikuwa na mtu wa kukaa na wanakijiji miaka kadhaa, kupima maji, kuandika makaratasi, kubishana na mamlaka. Ruzuku ya fedha ilikuja pamoja na ruzuku ya subira. Kitongoji kisicho na padri, mmisionari wala shirika la nje kinampata wapi mtu huyo? Kinampata kishoka.

Vishoka tunawajua mjini: wanaojifanya mafundi wa TANESCO. Siku hizi wako na vishoka wa maandiko. Mmoja alinifuata palepale steshenari, ameshika begi la laptopu, akaniambia kwa laki nane anaandika andiko linalopita. Nilimuuliza ameshapitisha mangapi. Akaondoka. Hasira yangu haikuwa kwake peke yake. Mahali ambapo mlango wa mbele haueleweki, patazuka mtu wa kuuza njia ya uani.

Kuna kisa kingine ambacho kila anayezungumza kuhusu ruzuku hizi anapaswa kukikumbuka, nacho ni cha Ukara, kisiwa cha Ziwa Victoria. Mwaka 2016 kampuni ya JUMEME ilizindua katika kijiji cha Bwisya mtambo wa umeme jua unaosaidiwa na dizeli. Mashine za kusaga, saluni na majokofu ya samaki vikaamka. Bei kwa yuniti, hata hivyo, ilikuwa mara nyingi zaidi ya ile ya TANESCO, kwa sababu mtambo mdogo kisiwani ni ghali na aliyewekeza anataka fedha yake irudi. Wananchi walilalamika, na kwa haki. Mwaka 2020 serikali iliagiza wenye mitambo midogo kama hiyo washushe bei hadi shilingi 100 kwa yuniti, sawa na mtumiaji mdogo wa TANESCO. Wananchi walipumua. Wawekezaji waliduwaa, na wengi waliokuwa wakipanga kwenda visiwa vingine wakaweka mipango kabatini.

Kwa maoni yangu serikali ilikuwa sahihi kwenye bei na ilikosea kwenye hesabu. Mama wa Ukara hapaswi kulipa yuniti kwa bei iliyo juu ya ile ya mjini. Lakini kama tumeamua hivyo, na tuamue hivyo, basi pengo kati ya gharama na bei linazibwa na nani? TANESCO inazalisha kwa mabwawa na gesi, wateja wakubwa wakiwabeba wadogo. Mtambo wa kisiwani hauna mteja mkubwa wa kumbeba mdogo. Kuziba pengo lile ndiyo kazi halisi ya shilingi mia ya Buguruni Sheli. Ruzuku isiishie kwenye kununua paneli, iwepo pia kwenye yuniti, mwaka hata mwaka, kwa kiwango kinachotangazwa mapema ili anayeomba ajue anachoingia.

Nirudi kwenye kuomba. Mtu akisema haiwezekani kumpa mwananchi wa kawaida ruzuku ya nishati bila makaratasi ya Kiingereza, namwonyesha mtungi wa gesi. Tangu nchi ipate Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, REA hiyohiyo imekuwa ikipeleka vijijini mitungi ya kilo 6 kwa nusu ya bei. Unakwenda na kitambulisho cha NIDA, unaandikwa, unalipa nusu yako, unabeba mtungi. Hakuna andiko. Hakuna hesabu za miaka mitatu. Kwa hiyo Wakala unajua kumfikia mtu mmoja mmoja pale inapoamuliwa hivyo.

Namwonyesha pia TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. Ilipoanza mwaka 2000, vijiji viliibua miradi kwenye mkutano mkuu, kwa Kiswahili, muhtasari ukaandikwa, mtaalamu wa halmashauri akatembelea, zahanati na madarasa yakajengwa. Na ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya ubadhirifu, ikarekebishwa, ikarudi mwaka 2024. Haikufutwa eti kwa kuwa maskini hawawezi kuaminiwa. Fomu zake ni za Kiswahili na afisa maendeleo ya jamii wa kata anazijua.

Dirisha dogo la namna hiyo kwa nishati jadidifu halihitaji sheria mpya. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria na mahakama zetu. Hukumu ya mtu kufungwa maisha inaweza kuandikwa kwa Kiswahili, basi na ombi la jokofu linaweza. Sheria ya Umeme ya 2008 imekwisha kuwasamehe wazalishaji wa chini ya megawati 1 mzigo wa kuomba leseni, wanajisajili tu EWURA. Mashine ya barafu ya mjomba haifikii hata sehemu ndogo ya hapo. Kinachotakiwa ni tangazo kubandikwa kwenye ofisi ya kijiji na si kwenye tovuti peke yake, na fomu ya kurasa nne. Mhandisi wa halmashauri au wa REA mkoani awe na wajibu wa kupima na kuchora, kwa mshahara wake, badala ya kumwachia mwombaji amtafute. Muhtasari wa mkutano wa kijiji uchukue nafasi ya hesabu zilizokaguliwa. Fedha isipite mikononi mwa kikundi: mkoa umlipe muuza vifaa moja kwa moja, sehemu anapofikisha, sehemu anapofunga, na ya mwisho baada ya miezi sita barafu ikiwa bado inatoka.

Hiyo miezi sita naisisitiza kwa sababu ya ninayoyaona Kariakoo. Simama kwenye maduka ya sola asubuhi uone watu wa mikoani wanavyofunga paneli kwa blanketi na kamba za katani wapande nazo basi. Hao hawakusubiri ruzuku. Wameuza mbuzi, wameuza ufuta, wamekuja kununua mwanga. Wengi wanauziwa vitu vizuri. Wengine wanauziwa paneli iliyoandikwa wati 200 ambayo haifikii nusu, na betri inayokufa kabla ya masika ya pili, na Kariakoo ni mbali sana kwa mtu wa kurudi kudai. Ruzuku ingekuwa na orodha ya vifaa vilivyopimwa na TBS, na fundi wa kuvifunga aliyesomea VETA, ingewalinda hata wale wanaonunua kwa fedha yao wenyewe, kwa sababu muuzaji yeyote angetaka mali yake iwemo kwenye orodha hiyo.

Kwetu sisi wachangiaji naomba jambo moja zaidi. Risiti ya LUKU ina mistari mingi ya tarakimu. Mara moja kwa mwaka, gazetini na kwenye mbao za matangazo za serikali za mitaa, tuandikiwe kwa Kiswahili: mwaka huu ruzuku za nishati jadidifu zimeombwa na wangapi, wamepewa wangapi, wapi, na mitambo mingapi ya mwaka juzi bado inafanya kazi. Yule bodaboda wa lita mbili asome kwamba elfu sitini yake ilikwenda Ludewa au Ukerewe. Atauliza pia kwa nini haikwenda kwao, na swali hilo litawafaa wakubwa kuliko ripoti nyingi.

Wiki iliyopita mjomba alipiga tena. Nilidhani amekata tamaa. Akasema wamekaa mkutano, si wa kikundi tu, wa kitongoji kizima. Wameandika wanachotaka, wamehesabu kila mmoja atachanga nini, na mzee mmoja ametoa kiwanja cha kujengea banda jipya karibu na gati. Hawajui wampelekee nani, kwa hiyo wamenipelekea mimi. Daftari lilishuka kwa boti hadi Nyamisati, likapewa kondakta wa basi. Nililipokea Mbagala Rangi Tatu jioni, limefungwa kwenye mfuko wa nailoni kwa sababu ya maji ya chumvi.

Nimelifungua hapa mezani. Kurasa sita kwa mwandiko wa mwalimu wa madrasa, mistari imenyooka. Kwanza dua, kisha tarehe, kisha idadi ya waliohudhuria. Kisha: "Sisi wakazi tunaomba mashine ya barafu ya nguvu ya jua, na tutailinda." Chini yake majina, saini, na alama thelathini na moja za dole gumba za wino wa bluu.

Jumatatu nalipeleka. Sijalitafsiri.